Kitabu cha Kazi Kama Watoto Walivyokikumbuka

Vijana wangu, nyinyi mnaowachorea watoto kwa kidole juu ya kioo, na mkikosea mnafuta bila hata kunawa mikono, nawasalimu. Juzi wawili wenu walikuja kwangu Murara, mtaa wa hapa Goma, na pakiti ya biskuti, wakaniomba niwaeleze jinsi tulivyokuwa tunatengeneza vitabu zamani. Biskuti nimezila. Maelezo niliahidi, na ahadi ni deni, kwa hiyo tulieni. Ila msitegemee mpangilio. Nakumbuka kama ninavyofua nguo: ile inayokuja mkononi kwanza ndiyo naisugua.

Mimi ni Mama Zaina. Babu yangu alitoka Kasongo, kule Maniema, akifuata biashara ya vitambaa. Baba yangu alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Rutshuru; alipeleka sukari na chumvi Vitshumbi kwa wavuvi wa ziwani, akarudi na samaki na harufu yake. Kwetu msichana alitazamiwa kushona au kuuza. Mimi nilichora kuta kwa makaa mpaka mama akachoka kupaka chokaa. Siku moja alinishika mkono, akanivuta hadi kwenye atelye, karakana iliyokuwa karibu na nyumbani, akamwambia mwenye nayo, "Papa Kambale, huyu mutoto anaharibu manyumba. Umupe karatasi."

Papa Kambale alikuwa Mnande wa Butembo, Mkatoliki wa kwenda misa asubuhi, mwalimu wa shule ya msingi aliyeacha chaki. Aliiacha kwa hasira. Alisema amechoka kuwafundisha watoto wetu kusoma katika vitabu ambamo kila baba amevaa tai na kila nyumba inatoa moshi juu ya paa. Akafungua atelye ya kuchapa vitabu vya watoto kwa Kiswahili, kwa mkono: fremu ya mbao, kitambaa chepesi kilichokazwa juu yake, karatasi iliyokatwa umbo la picha, wino, na kipande cha mpira cha kusukumia wino upite. Basi. Umeme ukikatika sisi hatukujua.

Kitabu kilichotulisha kilikuwa kimoja. Kilikuwa cha watoto wanaoota watakuwa nani wakikua. Upande wa kushoto mtoto amelala mkekani; upande wa kulia ndoto yake. Huyu atakuwa muuguzi, huyu seremala, huyu dereva, huyu mvuvi, huyu mwalimu, na maneno machache chini. Jaladani kilikuwa na jina refu ambalo Papa Kambale alilipenda sana, lakini watoto hawakulitumia hata siku moja. Kwao kilikuwa "kitabu ya kazi", na mwishowe hata sisi tukazoea.

Sasa ufundi, maana ndio mliouomba, ingawa najua hamtautumia. Rangi zinapita kwa zamu: njano kwanza, kisha nyekundu, kisha bluu, nyeusi mwisho, kwa sababu nyeusi inafunika makosa ya wenzake. Ukianza na nyeusi umejifunga. Kisu hakisukumwi, kinaachiwa kiende, na unageuza karatasi badala ya kugeuza mkono. Na ukikata jicho, acha kidaraja kidogo cha karatasi katikati, la sivyo mboni inaanguka na jicho linabaki shimo. Hilo la mwisho niliambiwa mara nyingi nikaitikia bila kusikiliza. Daktari wangu wa kwanza alitoka bila macho. Nilidhani nitafukuzwa. Papa Kambale alimtazama, akamtundika ukutani kwa pini, akasema, "Muache. Huyu anaponyaka bantu kwa kusikia." Wageni waliokuja atelye walimsalimia yule daktari kwanza, kabla yangu.

Sheria yake kubwa ilikuwa hii: hukati kazi ambayo hujakaa nayo. Ukitaka kuchora muuguzi, nenda ukakae benchi la zahanati mpaka uone anashika sindano vipi na anafukuza inzi vipi. Mimi kwa kiburi nilimchora mvuvi bila kwenda popote. Si mimi binti wa dereva wa samaki? Nilimsimamisha wima katika mtumbwi, mkono mmoja una wavu, mwingine umeinuliwa juu, kwa furaha. Baba akaipeleka picha Vitshumbi. Mama mmoja muuza samaki aliitazama akauliza, "Huyu anaaga bantu? Anaenda kuzama?" Neno hilo lilirudi Goma kabla ya lori kushusha mzigo. Papa Kambale akanipakia kwenye safari iliyofuata, akasema nikae ufukweni mpaka mikono yangu ichoke kwa kutazama. Ilichoka kweli. Mvuvi anaketi, vijana, na furaha yake iko kwenye samaki, haiko mkononi.

Kibumba nako walitusahihisha. Mkulima alipiga kelele kwamba viazi vyetu vina umbo la mayai ya bata, tukavikata upya vyote.

Kulikuwa na ukurasa mmoja ambao hatukuwahi kuukata. Mjue kwamba katika miaka ile vita vilikuja, vikaondoka, vikaja vingine, na kila walioingia mjini waliingia na kofia zao. Wakubwa wao walikuwa na watoto pia, na watoto walikuwa na kitabu ya kazi. Siku moja mmoja wa wakubwa hao aliingia atelye na walinzi wawili, akapekua kitabu mbele na nyuma. Akauliza, "Mwanajeshi iko wapi? Batoto wenu hawapendi kuwa wanajeshi?"

Mimi nilikuwa nimeshika kisu cha kukatia, nikakiweka chini taratibu. Papa Kambale alijifuta mikono kwenye aproni.

"Iko, chef. Inakauka."

"Inakauka tangu lini?"

"Ni rangi ya majani, chef. Inachelewaka."

Yule bwana akaangalia kamba tulizotundikia kurasa, akaona karatasi nyingi mbichi, akaridhika. Alichukua kitabu kingine kwa ajili ya binti yake akaenda. Walipokuja wa kofia nyingine na swali lile lile, waliambiwa vilevile. Ukurasa ule ulikauka kupita tawala kadhaa. Mimi, nasema ukweli, sikuwa shujaa. Niliwahi kumuuliza kwa nini tusiukate tu tukapata amani. Akajibu bila kuinua kichwa, "Ile kazi haihitaji kitabu. Inakuyaka yenyewe kuchukua batoto ku nyumba."

Halafu mlima ukaja mjini.

Nyiragongo sisi tulizoea kuuona ukiwaka usiku kama jirani anayechelewa kulala. Safari hii ulipasuka ubavuni na moto ukashuka barabarani kama mtu aliyeitwa. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na magodoro kichwani, Waislamu na Wakatoliki na kuku. Tuliporudi tulitembea juu ya jiwe lililokuwa bado na joto, kandambili zikinata. Nyumba yetu ilipona. Moto ulipita mtaa wa pili. Atelye haikuwepo. Sisemi iliungua, nasema haikuwepo. Papa Kambale alijaribu kupima kwa hatua kutoka kona ya barabara ilipokuwa, lakini kona nayo haikuwepo. Fremu, vitambaa, karatasi zilizokatwa, vitabu vilivyokuwa vinasubiri kwenda shule, vyote vilikuwa chini ya jiwe jeusi. Hata daktari wetu wa kusikia.

Baba alimchukua Papa Kambale na mke wake, Mama Masika, wakakaa kwetu. Mwanzoni mzee hakukata tamaa. Mteja mmoja alikuwa na makopo yetu ya njano, nyekundu na bluu, na rafiki akatuletea kitambaa kizuri cha kuchapia kutoka Butembo. Nyeusi ndiyo haikupatikana popote. Basi mwalimu wangu, mtu mwenye akili zake timamu, akaokota jiwe la mlima, akasema, "Mulima imetukula. Sasa itatuandikia."

Mtu wa Goma tu ndiye anayeweza kufanya kosa hili. Tulitwanga lile jiwe kwenye kinu cha mama, tukachekecha kwa chandarua, tukachanganya na vanishi. Mama hakuongea nasi kwa sababu ya kinu. Lakini wino ulitoka mzuri, mweusi wa kupendeza, ukang'aa. Papa Kambale akaumimina juu ya kitambaa, akavuta mpira mara moja, na nikasikia sauti ambayo sijaisahau. Jiwe la mlima hata ukilitwanga vipi linabaki na meno. Kitambaa kilichanika kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hakugomba. Angegomba ningefurahi. Alikaa kwenye ngazi yetu akaangalia mikono yake, akasema, "Zaina, nitarudia kwetu. Ndugu yangu anauzishaka maharagwe, nitamusaidia." Mama Masika akaanza kufunga mizigo ya kupanda lori la Ijumaa.

Nataka mnielewe hapa. Kukata nilijua. Lakini yeye ndiye aliyejua kuandika maneno machache ambayo mtoto anayashika mara moja, yeye ndiye mapadri na mashehe waliyemfungulia mlango, na yeye ndiye aliyenipa karatasi wakati wengine wote walinipa ufagio. Akiondoka, kitabu kilikuwa kimekufa, na mimi nilikuwa nabaki bila baba yangu wa kazi. Nililia jikoni nikisingizia vitunguu.

Nilipomaliza kulia nilimwomba tukikate upya. Akasema, "Tutaanzia wapi? Hatuna ata kitabu moja ya kukopia." Nikazunguka Murara nzima kuulizia. Kimoja kiliungua, kingine kilipotea njiani, kingine, Mungu awasamehe, kilikuwa kimetumika kuwashia moto wa uji kule Gisenyi. Lakini kila mlango niliobisha, mtoto alitoka akaanza kunisomea kurasa bila kitabu. Ndipo nikapata akili.

Siku iliyofuata niliwaita watoto hao uani kwetu. Papa Kambale alikuwa upande mmoja anafunga godoro kwa kamba, ametugeuzia mgongo. Nikakaa chini na makaa na boksi la sabuni lililokunjuliwa, nikauliza kwa sauti, "Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa nani?"

"Mwalimu," wakajibu wote.

"Muuguzi," akasema Papa Kambale akiliangalia godoro.

Mwalimu ni mwalimu, vijana. Anaweza kuvumilia mlima; jibu la makosa hawezi. Nakiri kwamba nilikuwa nalitegemea hilo.

Wakaendelea. Seremala alikuwa na mbwa wa njano, wakasema. Nikachora mbwa. "Hakukuwa mbwa," akasema Papa Kambale. Wakasema alikuwepo, alikuwa chini ya meza, na mmoja akajua hata jina lake. Tukafika kwa dereva. Msichana mwenye masikio makubwa akasema dereva alikuwa mama.

Papa Kambale akaacha kamba, akapitisha kidole juu ya mdomo wake. "Dereva ilikuwa mwanaume. Ilikuwa na musitashi."

"Ile musitashi ni wino ilimwangikaka," akasema yule msichana.

Mimi nilicheka mpaka makaa yakanivunjikia. Mzee hakucheka, ila alikuja akaketi juu ya godoro lake, karibu nasi. Wakamwambia pia kulikuwa na ukurasa wa mtu anayechunga mlima, anayekaa juu kule na kupiga kengele ukikasirika ili watu wapate muda wa kuvaa viatu. "Hiyo mumeizua," akasema. Wakamwapia kwamba waliiona, alikuwa na koti la bluu. Niliona anamtazama mtoto mmoja mmoja usoni, akitafuta nani anamtania. Hakuna aliyekuwa anamtania. Walikuwa wamekisoma kitabu chetu usiku baada ya usiku, na pale kilipoishia wao waliendelea kuota, kisha wakasahau sisi tuliishia wapi.

Nikauliza ukurasa wa mwisho. Wa mwisho ulikuwa mkulima wa Kibumba na viazi vyake. Mimi mwenyewe nilimkata. Lakini aliyejibu alikuwa Kavira, mtoto mdogo aliyekuwa anakaa na shangazi yake nyuma ya kwetu, ambaye asubuhi nzima hakuwa ametoa neno.

"Ya mwisho ni koko," akasema. Kwetu koko ni bibi, mama wa baba au wa mama.

"Koko anafanya nini?" nikauliza.

"Amekaa ku mulango."

Papa Kambale akasema kwa upole, "Mwanangu, hiyo si kazi. Kitabu ilikuwa ya kazi."

"Ni kazi. Ni ile mi nataka. Nikikomaa nitakuwa koko."

"Kila mutu anakuwaka koko."

Kavira akamwangalia kana kwamba yule mzee ndiye mtoto. "Hapana," akasema. "Kwetu hakuna. Wote walikufaka mbele ya kuzeeka."

Watoto wenzake hawakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma moyo kuliko maneno yake. Walikuwa wanamsubiri aendelee ili nao wasikie koko alivyokuwa.

Papa Kambale akakohoa. Akauliza, "Koko alivaa nini?"

"Kitambaa ku kichwa. Na lunettes," yaani miwani.

"Alishika kitu?"

"Mukate."

"Mukono gani?"

Kavira akafikiri. "Ya kuume. Ya kushoto anafukuzia kuku."

Mzee akaninyooshea mkono wake bila kunitazama, kama alivyokuwa anafanya atelye alipotaka kisu. Nikampa makaa. Mama Masika alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona mumewe ameinama juu ya boksi la sabuni, akaja akafungua mzigo uliokuwa umefungwa vizuri, akatoa sufuria yake, akaenda kuweka maji ya ugali. Lori la Ijumaa liliondoka bila wao.

Sheria ni sheria, kwa hiyo tulikwenda kukaa na koko. Kulikuwa na mmoja karibu na msikiti, mama wa watu, macho hafifu. Aliuliza tunataka nini. Papa Kambale akamwambia, "Tumekuya kuchora kazi yako, koko." Akasema hana kazi. Tukakaa naye hata hivyo. Alichambua maharagwe, akasinzia, akaamka akauliza kama mvua imenyesha, akamwita kila mtoto aliyepita kwa jina la baba yake, na mara moja alikosea akamwita mtoto kwa jina la babu, naye mtoto akaitika. Papa Kambale alichora mpaka mchana ukaisha. Sijawahi kumwona akikaa na kazi yoyote kwa muda mrefu hivyo.

Kitambaa cha kuchapia tulipata kwenye dirisha la chumba cha mama. Alilishusha mwenyewe pazia lake jepesi la voali, na ndivyo nilivyojua kesi ya kinu imekwisha. Wino mweusi ulikuja baadaye, wa kopo. Tulikata mbwa wa njano. Tulikata mama dereva, na musitashi hatukumwekea. Tulikata yule wa kengele. Na mwisho, koko mlangoni, na maneno ambayo Papa Kambale aliyaandika mara moja bila kufuta: *Mimi nitakuwa koko. Nitakaa mlangoni, niwaone wote wanaopita.*

Wazazi wengine walilalamika. Walisema kuzeeka si kazi, mtoto apewe ndoto ya maana, udaktari, urubani. Papa Kambale aliwasikiliza kwa adabu na hakubadilisha. Kavira tulimpa kitabu cha kwanza kabisa, rangi bado inanukia. Alikwenda moja kwa moja hadi mwisho, akaangalia kwa makini, akasema, "Mukate iko mudogo." Kisha akakikumbatia akaondoka nacho, na shangazi yake akatuambia baadaye kwamba analala nacho.

Tulifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Vita vilirudi, na mlima nao ulirudi. Papa Kambale alizeeka vizuri, akaenda kufia Butembo kati ya wajukuu wake, nami nilikwenda kumzika. Kavira sijui aliko. Vita vya baadaye vilimhamisha shangazi yake, kwanza upande wa Sake, kisha kusikojulikana, na niliowauliza hawakuwa na habari. Kama yuko, sasa ni mama wa watu, na bado ana safari ndefu mpaka kwenye kazi aliyoichagua.

Kwa hiyo chukueni ushauri mmoja kwa biskuti zenu. Mkimuuliza mtoto wa hapa anataka kuwa nani, msimjibie, hata kama jibu lake si kazi. Mkate mkubwa mchoreeni, haugharimu kitu. Mimi macho yameisha na visu nimegawa. Kila asubuhi wajukuu wananitolea kiti mlangoni. Nakaa, natazama wanaopita, na kabla sijaomba jambo lingine lolote, namwombea Kavira afike.